Shahada ya sanaa za maonyesho, stashahada ya Bagamoyo au ualimu: ipi itamrudisha kijana Mwanza akiwa na kazi?

Kijana wa Igoma, Magu au Nansio anayetaka kusomea sanaa za maonyesho ana njia nne: shahada ya sanaa zenyewe (Dar es Salaam au Dodoma), stashahada ya vitendo Bagamoyo, shahada ya ualimu yenye Kiswahili na sanaa, au shahada ya mawasiliano ya umma hapahapa Mwanza, chuo cha SAUT cha Malimbe, huku akiigiza na kikundi. Kila moja ina mtu inayemfaa. Kinachotuuma ni kumwona kijana amechagua kwa sifa ya jina la chuo, akasoma miaka mitatu, akarudi nyumbani na cheti asichojua akipeleke mlango gani.

Kwa hiyo tutalinganisha kwa kuanzia mwisho. Kwanza kazi zilizopo huku kwetu ziwani, halafu masomo yanayofungua mlango wa kila kazi.

Kazi zilizopo

Ualimu ndio mlango mpana kuliko yote. Kiswahili ni somo la lazima kidato cha kwanza hadi cha nne, na ndani yake mna fasihi, na ndani ya fasihi mna tamthilia. Tena mitaala iliyotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeingiza sanaa za maonyesho kama somo la sekondari. Hilo ni jambo la kufurahia, ila lisikudanganye: somo kuwepo kwenye mtaala hakumaanishi kila shule imelifungua. Mwalimu mwenye sanaa peke yake atasubiri shule chache. Mwenye Kiswahili na sanaa anaingia shule yoyote, kisha anafungua klabu ya maigizo na kuonyesha kuwa somo linawezekana. Walimu nao siku hizi hupita usaili wa Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo kuhitimu tu hakutoshi.

Halmashauri zina Maafisa Utamaduni. Kazi ni kusimamia vikundi, matamasha, mashindano ya ngoma na kwaya, na kuandika barua za utambulisho kwa wasanii wanaokwenda kujisajili. Mhitimu wa shahada ya sanaa za maonyesho anaweza kuiomba, lakini nafasi ni chache, na anashindania na waliosoma lugha, utamaduni na fani nyingine za sanaa. Usiiweke kuwa tegemeo lako pekee.

Redio na televisheni zinahitaji sauti, waandishi wa vipindi na watayarishaji. Mwanza ina vituo vya kutosha, na michezo ya redio bado ina wasikilizaji visiwani na kwenye mialo, yaani pale ufukweni wavuvi wanapopakulia samaki. Ushereheshaji wa harusi, send-off na mahafali ni chanzo cha fedha ambacho wahitimu wengi hukionea haya bila sababu. Kushika ukumbi wa watu 300 kwa saa 5 bila kupoteza pumzi ni ujuzi wa jukwaa, nao hulipwa siku hiyohiyo.

Kuna pia uhadhiri, ambao tutaurudia, na filamu, ambayo kwa sehemu kubwa iko Dar es Salaam. Anayetaka filamu kwa moyo wote apange kuishi huko walau miaka michache ya mwanzo.

Kazi tunayotaka kuitazama kwa karibu ni igizo la jamii, lile linalolipwa na mashirika na miradi ya afya, uvuvi na mazingira. Ndiyo inayoota vizuri zaidi katika udongo wetu, na ndiyo ambayo wahitimu huiingia bila hesabu.

Chukua mfano huu wa kupigia hesabu. Mradi unataka igizo kuhusu kichocho kwenye mialo 4, na mkataba ni shilingi 2,000,000. Kikundi ni watu 7: waigizaji 5, mpiga ngoma 1 na kiongozi wa majadiliano 1. Mlipaji anakata kodi ya zuio ya asilimia 5, zinabaki 1,900,000. Usafiri wa watu na vyombo kwenda mialo 4, kwa 90,000 kila mmoja, ni 360,000. Chakula siku za maonyesho, 5,000 kwa mtu, ni 140,000. Mazoezi ya siku 5, kwa 5,000 kila mtu, ni 175,000. Spika ya kukodi, 40,000 kwa siku, ni 160,000. Maleba (mavazi ya jukwaani) na betri 65,000. Jumla ya matumizi ni 900,000. Inabaki milioni moja kamili, ambayo ukiigawa kwa 7 ni kama 142,800 kwa mtu, kwa siku 9 za kazi. Hiyo ni chini kidogo ya 16,000 kwa siku.

Tumeiandika hesabu hii si kumkatisha mtu tamaa. Tunataka ajue wapi anaumia. Wengi hutaja bei kwa kuzidisha idadi ya maonyesho tu, wanasahau siku za mazoezi, siku ya kwenda kuonana na mwenyekiti wa mwalo, na siku ya kuandika ripoti. Weka siku hizo zote kwenye makadirio. Dai nusu ya malipo kabla ya mazoezi kuanza, kwa maandishi. Na uwe na TIN (namba ya mlipakodi), akaunti ya benki ya kikundi na usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kabla kazi haijatokea, kwa sababu mradi ukishafungua mlango haungoji wiki tatu za kushughulikia karatasi.

Halafu kuna mwalo wenyewe. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa, taa hazivuti dagaa vizuri, na kwa siku kama 7 hadi 10 mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Hapo ndipo hadhira ipo. Ukipanga onyesho wakati wa giza, wanaume watakuwa wamelala mchana na wanawake asubuhi yote wako kwenye vichanja na nyavu za kuanikia. Kwa hiyo kalenda ya kikundi cha ziwani hufuata mwezi, na saa nzuri ni kuanzia saa 10 alasiri.

Saa hizo upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Waigizaji wakisimama na ziwa mgongoni, upepo unapeleka sauti kwa watu. Wakiligeukia ziwa, wanapiga kelele nusu saa na wa nyuma hawasikii neno. Lakini kwenye mwalo unaotazama magharibi, watazamaji waliogeukia ziwa watakuwa na jua machoni. Basi zungusha duara kidogo, jua liwe ubavuni, na anayesema sana umpe upande wa upepo. Mambo haya hayafundishwi kwenye mhadhara, ila mtu aliyefundishwa kusoma nafasi ya jukwaa huyaona siku ya kwanza.

Igizo lisizidi dakika 25, majadiliano yapewe 40. Kosa kubwa la mhitimu mpya ni kuandika mchezo unaoishia kwa hotuba. Kwa kichocho, ukiwaambia watu "msiingie ziwani" umeshawapoteza, maana maji ya kuoga, kufua na kazi yenyewe yako humo. Igizo linakatishwa pale mhusika anapokwama: mama anajua maji ya ukingoni kwenye majani yana konokono wanaobeba vijidudu, bomba halipo, na mtoto lazima aoge. Mtazamaji anaitwa aingie aonyeshe angefanyaje. Hapo ndipo mambo ya maana hutoka.

Utaratibu huu una historia hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo katika kijiji cha Malya, Kwimba. Mwanafunzi wa Mwanza anayetafuta mada ya utafiti wa mwaka wa tatu anayo moja mlangoni kwake.

Shahada: Dar es Salaam na Dodoma

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho chenye mizizi mirefu zaidi ya taaluma hii nchini. Kimekuwa kikiifundisha tangu miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kinafundisha maigizo pamoja na filamu. Shahada ni ya miaka 3. Utasoma historia na nadharia za drama, sanaa za jadi za Afrika, uandishi wa tamthilia, uongozaji, uigizaji, igizo la jamii na mbinu za utafiti.

Kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa wa kidato cha sita ni principal pass 2 zenye jumla ya pointi 4.0, kwa hesabu ya A=5, B=4, C=3, D=2, E=1. D mbili zinatosha kwa karatasi, ila chuo kinaweza kudai masomo maalumu. Soma mwongozo wa mwaka wako, usitegemee wa kaka yako.

Tofauti kati ya miji hii miwili ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kutoka Mwanza, Dodoma ni kama kilomita 700, Dar es Salaam ni zaidi ya 1,100. Kwa mtoto wa mvuvi nauli hiyo, mara nne kwa mwaka, ni fedha. Maisha ya Dodoma ni nafuu. Lakini Dar ndiko kwenye majukwaa, vituo vya utamaduni vya balozi, studio, na watu wa kukutana nao. Anayetaka uigizaji na filamu achague Dar. Anayetaka kurudi kufanya kazi na jamii au halmashauri hapotezi kitu akienda Dodoma.

Shahada inakupa nini kuliko stashahada? Inakupa kuandika: andiko la mradi, ripoti, uchambuzi. Mashirika hulipa zaidi anayeweza kuandika andiko la kurasa 8 kuliko anayeigiza vizuri. Inafungua pia ajira za serikali zinazodai shahada, pamoja na masomo ya uzamili. Udhaifu wake ni mazoezi ya mwili. Saa za vitendo ni chache ukilinganisha na Bagamoyo, na mwanafunzi asiyejiongeza kwa kikundi nje ya darasa humaliza akijua kuchambua mchezo asioweza kuucheza.

Kuhusu uhadhiri, jambo moja lieleweke tangu wiki ya kwanza: matangazo ya mkufunzi msaidizi katika vyuo vikuu vya umma hudai GPA, yaani wastani wa alama zako zote, isiyopungua 3.8 kati ya 5. Shahada ya daraja la pili la juu huanzia 3.5, kwa hiyo unaweza kuwa na daraja zuri na bado usiruhusiwe kuomba. Uzamili nao huhitaji GPA ya 4.0 ili uwe mhadhiri msaidizi, na PhD ndiyo inayokufanya mhadhiri. Baada ya hapo unapimwa kwa makala za kitaaluma. Ukielekeza onyesho kwa miezi mitatu, liandikie makala pia. Alama za kazi za kikundi ndizo zinazoshusha GPA za wengi: mwenzako haji mazoezini, onyesho linalegea, na nyote mnapata alama moja. Andikeni daftari la mahudhurio ya mazoezi na mlipeleke kwa mhadhiri mapema, si baada ya matokeo.

Bagamoyo

Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa. Wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo 4, ukiondoa ya dini, anaingia ngazi ya 4 na kupanda hadi ya 6, yaani stashahada. Kila ngazi ni mwaka mmoja. Hapa siku ni mwili, sauti, ngoma, zumari, taa, jukwaa. Anayetoka Bagamoyo na mhitimu wa shahada wakisimama mwaloni na hadhira ya watu 200, wa Bagamoyo mara nyingi atamzidi, hilo tuliseme wazi.

Akitaka kuendelea, stashahada yenye GPA ya 3.0 au zaidi inatimiza kiwango cha chini cha TCU cha kuingia shahada. Njia ya kidato cha nne, Bagamoyo, kisha shahada ni miaka 6. Njia ya kidato cha tano na sita kisha shahada ni miaka 5. Mwaka mmoja wa ziada unakupa ufundi ambao hakuna mtu atakunyang'anya. Kwa kijana mwenye kipaji cha mwili ambaye hakupata ufaulu wa kwenda kidato cha tano, tunaona ndiyo njia bora, na mzazi asiihesabu kuwa ya walioshindwa.

Tatizo ni fedha. Mikopo ya HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, imekuwa kwanza ya shahada, na ile ya stashahada ilipoanza ilielekezwa kwenye fani za kipaumbele kama afya, ualimu na uhandisi. Panga ada ya Bagamoyo kutoka mfukoni, na mkopo ukipatikana uwe nafuu.

Mtu wa Mwanza anayo pia shule ya bure. Bujora, Kisesa, mwezi wa Juni kuna Bulabo, tamasha la Wasukuma, ambapo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani wa jadi, hushindana. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule atakayevuta watu upande wake. Simama pale siku nzima na daftari. Andika kila mara umati unapohama, na nini kilikuwa kimetokea nusu dakika kabla. Hakuna zoezi la kushika hadhira ya nje linalofikia hilo.

Ualimu, na Malimbe

Shahada ya sanaa na ualimu ni miaka 3 na mazoezi ya kufundisha. Unachagua masomo mawili. Chagua Kiswahili, na pale chuo kinaporuhusu weka sanaa za maonyesho kuwa la pili. Ukishasoma shahada ya sanaa bila ualimu na ukabadili nia, stashahada ya uzamili ya ualimu inaziba pengo, na Chuo Kikuu Huria kina kituo Mwanza. Chuo cha Ualimu Butimba nacho kimejulikana miaka mingi kwa kutoa walimu wa sanaa na muziki. Nenda uulize masomo wanayofungua mwaka huo.

SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe, hakina shahada ya sanaa za maonyesho, lakini mawasiliano ya umma yake yanajulikana nchi nzima. Kwa anayeandika na mwenye sauti, kusoma pale akiishi nyumbani na kuwa kwenye kikundi jioni kunaweza kumfikisha kwenye michezo ya redio mapema kuliko aliyekwenda mbali. Asichokipata ni mwalimu wa kumrekebisha uigizaji, na kasoro ikizoeleka kwa miaka mitatu ni kazi kuing'oa.

Ng'ambo ya ziwa, Uganda, kuna Chuo Kikuu cha Makerere, chenye idara ya sanaa za maonyesho na filamu. Unapanda meli hadi Bukoba, kisha basi kupitia Mutukula. Ni chuo cha heshima. Uchukue barua ya kutopinga ya TCU kabla ya kuondoka, ukirudi uombe utambuzi wa shahada, na usitegemee mkopo wa nyumbani.

Tungechagua nini?

Kwa kijana anayetaka kuishi ziwani, mwenye pointi za kutosha na familia isiyo na akiba, tunachagua ualimu wenye Kiswahili na sanaa, pamoja na kikundi cha igizo la jamii wakati wa likizo. Mshahara unampa uhuru wa kukataa mradi unaomlipa vibaya. Kwa anayeota uhadhiri, shahada ya Dar es Salaam na GPA ya 3.8 machoni kila muhula. Kwa mchezaji na mpiga ngoma, Bagamoyo. Shahada ya sanaa Dodoma tunampa anayependa kuandika miradi na kuongoza watu.

Deni la HESLB lihesabiwe pia. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: kwenye 800,000 ni 120,000 kila mwezi. Aliyejiajiri naye anadaiwa. Ukipata mkataba wa kikundi, tenga ya mkopo kabla ya kununua spika.

Yeyote utakayekuwa, mafunzo ya vitendo ya likizo yafanyie Mwanza. Wanafunzi wengi hubaki Dar kwa sababu barua ni rahisi kupata, kisha wanarudi baada ya kuhitimu mahali wasikojulikana. Peleka barua miezi mitatu kabla: ofisi ya utamaduni ya Ilemela au Nyamagana, Makumbusho ya Bujora, redio, au mradi wa mialo. Ukiondoka, uwe na video ya dakika 3 yenye sauti safi, kurasa 10 za mswada wako mwenyewe na barua moja ya aliyekusimamia. Mswada usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujaupeleka kwa mtayarishaji. Hakimiliki ipo hata bila usajili, lakini ukidhulumiwa utaulizwa ushahidi. Na mchezo wa jukwaani, sawa na filamu, una kibali chake chini ya sheria ya 1976 inayosimamiwa na Bodi ya Filamu. Onyesho la kulipisha kiingilio lisitangazwe kabla ya kibali hicho.

Kwa mabinti, na kwa wazazi wao, jambo hili lisemwe bila kificho. Usaili wa kuigiza hufanyika mchana, mahali pa wazi, na mtu wa pili yupo. Anayeita usaili wa hotelini usiku haajiri mwigizaji. Kudai ngono ili kutoa nafasi ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na namba ya TAKUKURU ya kupiga bure ni 113. Hifadhi ujumbe wote, usijibu kwa hasira, na mwambie mtu siku hiyohiyo.

Karatasi za mkopo zianze kushughulikiwa kabla ya matokeo ya kidato cha sita. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na aliyefiwa na mzazi ahakiki pia cheti cha kifo. Kinachochelewesha watu wengi ni majina: Masanja kwenye cheti cha kuzaliwa, Massanja kwenye cheti cha kidato cha nne. Vilinganishe vyeti vyako leo, herufi kwa herufi, ukiwa bado na muda wa kurekebisha.